Parokia za mashariki ya Lincolnshire: tathmini ya safari kwa mpenzi wa Kiswahili

Nianze na jibu, maana kila ninapoisimulia safari hii naulizwa kama inafaa kwenda: nendeni. Parokia za vijijini za mashariki ya Lincolnshire hazina tiketi wala foleni, na ukiingia kanisani saa nne asubuhi siku ya kazi huenda usimkute mtu. Lakini kwa anayekipenda Kiswahili, sijaona sehemu nyingine ya mashamba ya Uingereza inayostahili nauli yake kuliko hii.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nimekulia Magila chini ya kengele ya misheni, na sasa ni muuguzi Nottingham. Nilikwenda na shangazi yangu aliyekuja kutusalimia kutoka nyumbani, mama wa makamo ya juu ambaye ameimba kwaya maisha yake yote. Nayasema haya mjue napima kwa kipimo gani: kama njia inapitika kwa mtu mwenye magoti mabovu, kama pana choo, kama yupo wa kukufungulia mlango, na kama ukishaingia unakuta kitu cha kukufanya ukae.

Kinachozitofautisha parokia hizi na mamia ya nyingine ni watu wawili. Wengi wetu tunamjua Edward Steere kuwa ni askofu wa Unguja, aliyejenga Kanisa Kuu la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, akafariki 1882 na kuzikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo. Kabla ya hayo alikuwa padre wa kijijini. Mwaka 1858 alikuja Skegness kama padre msaidizi, wakati huo ikiwa kijiji cha wavuvi, kisha akapewa parokia ya Little Steeping. Jirani yake wa Burgh le Marsh alikuwa William Tozer. Tozer alipowekwa wakfu mwaka 1863 kuongoza misheni ya vyuo vikuu, ile tunayoiita UMCA, Steere alifuatana naye. Walianza na bonde la mto Shire, kusini mwa Ziwa Nyasa, mambo yakawa magumu, na mwaka 1864 Tozer akaihamishia misheni Unguja. Magila yetu ni tawi la mti huohuo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata mimi niliyefunzwa na walimu wa misheni sikulijua. Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, akarudi parokiani kwake Little Steeping, akawa huko mpaka 1872 alipoitwa tena Unguja. Mwongozo wake wa sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Unguja, ile iliyomo habari ya Sultani Darai, vyote viwili vilichapwa mwaka 1870. Yaani kitabu kilichowafundisha Kiswahili wageni kwa vizazi kadhaa kilitoka wakati mwandishi wake akibatiza watoto na kuzika wazee katika kijiji cha Lincolnshire. Mmisionari Mjerumani Krapf alikuwa ametangulia Mombasa kwa sarufi yake, na Kiunguja kilikuja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu baadaye sana, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Lakini kiungo cha katikati kimepita hapa, na hapa panatembeleka.

Usafiri ni rahisi kuliko unavyodhani, ila tu ukubali mwendo wa taratibu. Kutoka Nottingham kuna treni ya moja kwa moja hadi Skegness kupitia Grantham, Sleaford, Boston na Wainfleet. Kaa upande wa dirisha. Ukishapita Sleaford ardhi inalala kama mkeka, mashamba ya kabichi na viazi mpaka upeo wa macho, na mnara wa kanisa la Mtakatifu Botolph wa Boston unauona mapema sana, kwa sababu una zaidi ya mita 80 na hakuna kinachoukinga. Kutoka Skegness mabasi ya kwenda Lincoln hupita Burgh le Marsh, Spilsby na Horncastle. Little Steeping iko kando ya njia hiyo. Unashuka Spilsby unachukua teksi, au unakuwa na gari lako.

Skegness yenyewe sitaisifia sana. Mji wa zamani ulimezwa na bahari katika karne ya 16, na huu wa sasa umekua baada ya reli kufika mwaka 1873, miaka kadhaa baada ya Steere kuuacha. Ni chipsi, michezo ya sarafu na upepo. Mwenye kumfuata Steere aende kwenye kanisa la zamani la Mtakatifu Clement, dogo, nje ya katikati ya mji, si lile kubwa la Mtakatifu Mathayo ambalo wakati wake halikuwapo. Nyumba ya wageni tuliyolala, ambayo sitaitaja, ilikuwa safi lakini hita zilizimwa saa tatu usiku na hakukuwa na wa kumwamsha. Shangazi alilala na koti. Kabla ya kulipia chumba pwani ya huku, uliza hita zinawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi, hata kama ni mwezi wa tano.

Burgh le Marsh ni mji mdogo juu ya kilima kidogo, na chini yake ndiyo nyanda za matope zinazoupa jina. Kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo ni kubwa kuliko mji, mnara wake unaonekana toka mbali, na ndani kuna mwanga mwingi. Shangazi aliketi akasema, "Mwanangu, hili lingetutosha sisi wote wa Magila na wageni wa Pasaka." Tozer alikuwa padre hapa kuanzia 1857. Mji haukuisahau kazi hiyo: mwaka 1878 kilianzishwa hapa chuo cha Mtakatifu Paulo cha kufundisha wamisionari. Kuna pia kinu cha upepo chenye mapanga matano, kitu adimu. Choo cha karibu, mkahawa, duka, vyote unavifikia kwa miguu. Kwa mzee au mtoto, Burgh ndipo mahali pazuri pa kuanzia.

Little Steeping ni kitu kingine kabisa. Nilikuwa nimeandika barua pepe mapema. Tovuti ya Kanisa la Uingereza iitwayo A Church Near You ina ukurasa wa kila kanisa na mtu wa kuwasiliana naye, na nawaombeni msiende bila kufanya hivyo. Mzee mmoja wa kanisa alitusubiri langoni na funguo. Alikuwa amevaa tai kwa ajili yetu. Shangazi alimpa mkono kwa mikono miwili na kuinama kidogo, naye akaelewa kuwa anaheshimiwa, akavua kofia.

Kanisa ni la Mtakatifu Andrea, na wazee wetu wengi waliosoma Kiungani na Minaki watalijua jina hilo mara moja, maana vyuo vile vilikuwa vya mtakatifu huyohuyo. Limejengwa kwa jiwe la mchanga lenye rangi ya kijani, linalochimbwa maeneo haya ya Spilsby. Ni jiwe zuri kulitazama na bovu kujengea. Nilipitisha kidole kwenye kona ya ukuta, likaachia chembechembe, na chembe zile zilikuwa za kijani iliyofifia kama kahawa mbichi. Ndiyo maana makanisa ya huku yana viraka vya matofali: kila kizazi kimeziba pale jiwe lilipochoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 jengo zima lilikuwa hoi, likakarabatiwa kwa kumbukumbu ya Askofu Steere. Fikirini hilo. Kijiji chenye watu wachache kilikuwa na padre aliyekwenda mbali, na miaka ishirini na zaidi baada ya kifo chake watu wakatoa fedha kwa jina lake ili paa lisianguke.

Ndani kuna kisima cha ubatizo cha karne ya 14, chenye pande nane. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mtu aliyeshika watoto juu ya jiwe hili ndiye aliyekuwa, katika miaka hiyohiyo, anatengeneza kurasa za "mtu, watu, mti, miti". Shangazi aliomba ruhusa kupitia kwangu, akapewa, akasali Baba Yetu kwa sauti yake ya kwaya, taratibu, mpaka mwisho. Mzee wa kanisa alisimama wima muda wote. Alipomaliza, yule mzee aliuliza kama hicho ndicho Kiswahili cha askofu. Nikamjibu kwamba ndicho, isipokuwa askofu alikikuta kwa wenyewe Unguja, wakamfundisha na kumsimulia hadithi jioni baada ya jioni, naye akaandika. Akatikisa kichwa akasema ni vizuri kulijua hilo. Ningefurahi siku moja kuona karatasi ya Kiswahili mezani pale, iandikwe na sisi wenyewe, na iwataje wasimulizi wa Unguja pamoja na padre aliyewaandika.

Shangazi alitaka kujua padre wa sasa anaishi wapi. Tukaambiwa padre mmoja anahudumia kundi la vijiji, na ibada za Jumapili huzunguka: leo kanisa hili, wiki ijayo lile. "Kumbe ni kama kwetu," alisema, "padre mmoja, makanisa kibao, na pikipiki." Hapa hakuna pikipiki, lakini hesabu ni ileile. Ukitaka kusali nao, angalia ratiba kwanza, usije ukakuta mlango umefungwa.

Nafasi ya Little Steeping katika mandhari nayo inafaa kuielewa. Kaskazini vinaanza vilima vya chokaa vya Wolds. Kusini ni tambarare ya East Fen, iliyokuwa majimaji mpaka ilipokaushwa kwa mifereji mwanzoni mwa karne ya 19, kazi iliyopangwa na mhandisi John Rennie. Mto Steeping unapita kando kuelekea Wainfleet, na bado haujafugwa: Juni 2019 ulipasua kingo zake, mamia ya nyumba za Wainfleet zikahamwa, helikopta za jeshi zikamwaga mawe kuziba tundu. Kabla ya kukaushwa, mabwawa ya mashariki ya Uingereza yalikuwa na malaria. Ndiyo, malaria ileile, homa ya kutetemeka kwa vipindi, na watu wa mabwawani waliipoza kwa chai ya vichwa vya maua ya kasumba. Mimi niliyekulia Muheza, ambako hakuna nyumba isiyoijua homa hiyo, nililitazama shamba lile la ngano kwa macho mengine. Tozer na Steere walitoka parokia ambazo bibi zao walioketi viti vya mbele waliikumbuka homa hiyo.

Sehemu ya safari ambayo sikutegemea ingenigusa ni vitabu. Hapa niwaeleze kidogo parokia ilivyokuwa, kwa kuwa ukidhani ni kanisa tu utapita juu juu. Kwa karne nyingi parokia ilikuwa serikali ya kijiji. Kuanzia 1555 ilitakiwa kutengeneza barabara zake. Sheria ya 1601 ikaibebesha maskini wake, na ile ya 1662 ikaipa uwezo wa kumrudisha maskini mgeni kwenye parokia aliyotoka. Mwaka 1834 maskini waliwekwa chini ya miungano ya parokia nyingi, na Little Steeping ikaangukia Spilsby. Halmashauri za parokia zisizo za kanisa zilikuja 1894. Kwa hiyo aliyezaliwa, aliyeoa na aliyezikwa, wote walikuwa jambo la parokia, na waliandikwa.

Amri ya kuandika ilitoka mwaka 1538, kwa Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Mwaka 1603 ikaamriwa vitabu viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli tatu, padre ana ufunguo mmoja na wazee wawili wa kanisa kila mmoja na wake, ili pasiwe na mtu wa kulifungua peke yake. Tangu 1754 maarusi walitakiwa kutia sahihi, na asiyejua kuandika akaweka alama ya msalaba. Kuanzia 1813 vikaja vitabu vilivyochapwa tayari na mistari yake: tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, wanapoishi, kazi ya baba, na mwisho jina la padre aliyebatiza. Vitabu vilivyozeeka vya parokia za mkoa huu huhifadhiwa kwenye nyaraka za mkoa, mjini Lincoln. Ukitaka kwenda, andika nafasi kabla, beba kitambulisho na penseli, maana kalamu ya wino haitakiwi mezani.

Nikiwa muuguzi, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye safu ya umri katika vitabu vya mazishi vya karne ya 19. Wiki mbili. Mwaka mmoja. Miezi tisa. Halafu sabini na nane. Halafu siku tatu. Watoto wanafuatana ukurasa mzima, na kila mmoja ana jina lake kamili, kwa hati nadhifu, hata yule aliyeishi siku moja. Kwenye ubatizo, safu ya kazi ya baba inarudia neno lilelile: kibarua, kibarua, kibarua, kisha mkulima, kisha kibarua tena. Watu hawa hawakuacha nyumba wala shamba, ila wameacha mstari mmoja wenye jina. Nyumbani tuna vitabu vya misheni vilivyoandikwa kwa mfumo huohuo, vingine vinaliwa na mchwa kabatini. Nimeshamwandikia padre wetu kuhusu kuvipiga picha, na shangazi ameahidi kumfuatilia.

Mkiwa na muda, pandeni vilimani mpaka Somersby, nyuma ya Spilsby. Wengi huenda kwa ajili ya mshairi Tennyson aliyezaliwa hapo mwaka 1809, baba yake akiwa padre wa parokia, na kaburi la baba huyo liko hapohapo uwanjani. Mimi nawatuma kwa ajili ya msalaba wa jiwe uliosimama mbele ya mlango. Misalaba ya namna hii ilivunjwa karibu nchi nzima wakati wa mageuzi ya dini, lakini huu wa karne ya 15 umebaki mzima, na nguzo yake nyembamba, na juu kabisa kijumba kidogo chenye paa, upande mmoja Kristo msalabani, upande wa pili Mama Maria na mtoto. Kwa nini wavunjaji hawakufika Somersby, kila mtu ana maelezo yake. Mimi naona udogo wa mahali ndio uliouokoa. Jirani yake, Bag Enderby, ina kanisa la mtakatifu huyohuyo Margareta, na kwenye kisima cha ubatizo kuna paa aliyechongwa akilamba majani ya mti uliomwota mgongoni. Nyumba ya akina Tennyson ni ya mtu binafsi, msisimame dirishani.

Spilsby ni mji wa sokoni, na hapo ndipo mtakula. Sanamu ya Sir John Franklin, mvumbuzi aliyepotea kwenye barafu ya kaskazini, imesimama katikati, na ndani ya kanisa la Mtakatifu James kuna makaburi ya mabwana wa Willoughby yaliyochongwa vizuri mno, wamelala na silaha zao. Dakika ishirini zinatosha, isipokuwa kama unapenda mabwana.

Gharama: makanisa yote niliyoyataja ni bure, lakini weka sadaka. Majengo haya yanasimama kwa mifuko ya watu wachache waliozeeka, na paa moja linaweza kumaliza akiba ya miaka. Sehemu nyingine kuna kifaa cha kugusa kadi, kwingine ni tundu ukutani tu, hivyo bebeni sarafu. Chakula na maji mbebe mnapokwenda Little Steeping na Somersby. Viatu viwe vya kufunga, kwa sababu nyasi za makaburini zina umande hadi mchana. Choo kitafuteni Spilsby au Burgh kabla ya kuondoka, msitegemee kijijini.

Nikipima kwa nyota tano: Little Steeping tano, Burgh tano, vitabu vya parokia tano, Somersby nne kwa sababu bila gari ni taabu, Skegness mbili. Kwa familia yenye watoto wadogo, fanyeni Burgh na pwani, kisha basi. Kwa mwalimu wa Kiswahili, mwanafunzi wa isimu, au mtu yeyote aliyelelewa na UMCA kutoka Korogwe hadi Masasi, fanyeni zote.

Jambo la mwisho ni teksi. Dereva aliyetupeleka Little Steeping alikubali kuturudia, kisha hakuja wala hakupokea simu. Mzee wa kanisa ndiye aliyetupakia kwenye gari lake mpaka Spilsby, akakataa hela ya mafuta. Msijiweke kwenye hali hiyo: mwambieni dereva asubiri, mlipe muda wake, na muwe Spilsby mapema alasiri. Mabasi ya jioni ni machache, na ya Jumapili muyaangalie kwenye ratiba kabla hamjatoka nyumbani.